Lugha na Utamaduni wa Wenyeji wa Asili katika Shule za Msingi za Australia: Mfano wa Kiwarlpiri na Kikaurna

1. Utangulizi

Waingereza walipoanza kukaa Sydney mwezi Januari 1788, bara la Australia lilikuwa na lugha zaidi ya 250, kila moja na nchi yake na wenyewe. Taarifa ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2020 ilihesabu lugha 123 ambazo bado zinatumika kwa kiasi fulani au zinafufuliwa. Kati ya hizo, 12 tu zilihesabiwa kuwa na nguvu, yaani zinasemwa na watu wa rika zote, wazee kwa watoto.

Sababu za kupotea kwa lugha hizo zinajulikana: kunyang'anywa ardhi, maradhi yaliyoletwa na wageni, mauaji, na sheria zilizoruhusu watoto kuchukuliwa kutoka kwa wazazi wao. Lakini sababu mojawapo ni shule yenyewe. Kwa muda mrefu, katika sehemu nyingi za nchi hiyo, mtoto aliyesema lugha ya mama yake darasani aliadhibiwa. Hivyo wenyeji wa asili wanapoiomba shule ifundishe lugha yao, wanaomba msaada kwa chombo kile kile kilichosaidia kuiondoa. Swali linalozuka ni hili: je, shule ya msingi inaweza kurudisha au kulinda lugha ambayo iliwahi kuizuia? Na kama inaweza, ni kwa masharti gani?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kulinganisha hali mbili zilizo tofauti. Ya kwanza ni ya Kiwarlpiri, lugha hai ya jangwa la katikati ya Australia, yenye wasemaji wapatao elfu mbili hadi elfu tatu. Ya pili ni ya Kikaurna, lugha ya nyanda za Adelaide, iliyokosa msemaji kwa miaka mingi na ambayo leo inasikika tena vinywani mwa watoto.

2. Shule iliyofungwa: Piltawodli, 1839–1845

Haifai kudhani kwamba kufundisha kwa lugha za wenyeji ni jambo la siku za karibuni. Mwaka 1838 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Christian Teichelmann na Clamor Schürmann, walifika Adelaide, na mwaka uliofuata wakafungua shule mahali palipoitwa Piltawodli, kando ya mto. Watoto wa Kikaurna walifundishwa kusoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1840 wamisionari hao walichapa kitabu cha sarufi na msamiati chenye maneno 2000 hivi. Barua chache zilizoandikwa na watoto wa shule hiyo zimehifadhiwa mpaka leo, nazo zinathibitisha kwamba katika muda mfupi walikuwa wameimudu kalamu.

Shule hiyo haikudumu. Mwaka 1845, chini ya utawala wa Gavana George Grey, ilifungwa, na watoto wakahamishiwa shule nyingine ambako Kiingereza pekee ndicho kilichofundishwa. Kufikia mwisho wa karne ile Kikaurna hakikuwa tena lugha ya kila siku. Ivaritji, bibi anayehesabiwa kuwa wa mwisho kukijua tangu utoto, alifariki mwaka 1929.

Hapa pana jambo linalogusa historia ya isimu ya Afrika. Gavana Grey mwenyewe alikuwa mkusanyaji mkubwa wa maandishi ya lugha za dunia. Baadaye alipotumwa kuitawala Koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, Teichelmann alimpelekea kamusi ya Kikaurna aliyoiandika kwa mkono, ya mwaka 1857. Kamusi hiyo ikawekwa katika maktaba ya Cape Town. Aliyeipanga na kuiorodhesha maktaba ya Grey alikuwa Wilhelm Bleek, mtaalamu yule yule aliyelieneza neno «Bantu» katika elimu ya lugha. Basi lugha iliyofukuzwa darasani huko Adelaide ilipata makao katika kabati la vitabu barani Afrika, ambako hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuisema. Umuhimu wa kabati hilo utaonekana katika sehemu ya tano.

3. Shule ya lugha mbili: Yuendumu

3.1 Mwanzo na utaratibu

Yuendumu ni kijiji kilicho umbali wa kilomita 290 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Alice Springs, katika Jimbo la Kaskazini. Kilianzishwa na serikali mwaka 1946 kama kituo cha kugawia chakula, miaka 18 tu baada ya mauaji ya Coniston, ambamo Wawarlpiri na majirani zao wengi waliuawa na kikosi kilichoongozwa na polisi. Shule ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza.

Mabadiliko yalikuja mwezi Desemba 1972, serikali mpya ya Gough Whitlam ilipotangaza kwamba watoto wa wenyeji wa asili wataanza masomo kwa lugha zao. Mwaka 1973 mpango huo ulianza katika shule tano za Jimbo la Kaskazini, na Yuendumu ikajiunga mwaka 1974. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka. Mtoto alijifunza kusoma na kuandika kwanza kwa Kiwarlpiri, huku akizoezwa Kiingereza cha mazungumzo. Baada ya miaka michache alihamishia ujuzi wake wa kusoma katika Kiingereza, na Kiwarlpiri kikaendelea kama somo. Darasani walisimama walimu wawili: mwalimu mwenye cheti, ambaye mara nyingi alikuwa mgeni, na mwalimu wa Kiwarlpiri.

Vitabu havikuwapo, ikabidi vitungwe. Kila shule kubwa ya mpango huo ilipewa karakana yake ya uchapaji. Mzee alisimulia mbele ya kinasa sauti; mwandishi aliyejua tahajia aliyaandika maneno yake; kijana mwenye kipaji alichora picha; mtaalamu wa isimu alisaidia kusahihisha; kisha kitabu kikachapwa na kushonwa hapo hapo kijijini. Maelfu ya vitabu vya namna hiyo, vya lugha nyingi za jimbo, vimekwisha kuhifadhiwa katika hifadhi ya kielektroniki ya Chuo Kikuu cha Charles Darwin.

3.2 Somo la lugha

Kiwarlpiri kina vokali tatu tu, a, i na u, lakini kina konsonanti ambazo Kiingereza hakina, kama zile zinazoandikwa rd, rl na rn, ambazo hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma. Mtoto aliyezoea sauti hizo akianzishiwa kusoma kwa Kiingereza hukutana na mambo mawili magumu kwa pamoja: herufi asizozijua na maneno asiyoyaelewa. Akianzia lugha yake, hubakiwa na gumu moja.

Muundo wa sentensi nao ni tofauti mno. Sentensi ambayo wanaisimu wamezoea kuitumia kama mfano ni hii: Ngarrka-ngku ka wawirri panti-rni, yaani «Mwanamume anamchoma kangaruu mkuki.» Neno ngarrka ni mwanamume, na kiambishi tamati -ngku ndicho kinachoonyesha kwamba yeye ni mtenda. Kwa kuwa mtenda ameshatambulishwa, maneno yanaweza kupangwa vinginevyo: Wawirri ka panti-rni ngarrka-ngku ni sentensi ile ile, na kangaruu bado ndiye anayechomwa. Kilicho imara ni kijineno ka, kinachoonyesha wakati uliopo, ambacho hukaa daima katika nafasi ya pili. Msemaji wa Kiswahili ataona kwamba kazi ambayo lugha yake huifanya kwa viambishi vya kitenzi na kwa mpangilio wa maneno, Kiwarlpiri huifanya kwa kiambishi cha nomino.

Tofauti nyingine inahusu mwelekeo. Pale ambapo wengine wangesema «kulia» au «kushoto», Mwarlpiri hutaja pande za dunia: yatijarra (kaskazini), kurlirra (kusini), kakarrara (mashariki) na karlarra (magharibi). Mtoto mdogo hujua kaskazini iko wapi hata akiwa ndani ya nyumba. Mwalimu wa jiografia au wa hesabu anayelijua jambo hili huwa na msingi wa kujengea. Asiyelijua humhesabu mtoto huyo kuwa mjinga kwa sababu tu hatofautishi kulia na kushoto.

3.3 Somo la ujamaa

Jamii yote ya Wawarlpiri imegawanyika katika makundi manane, na kila kundi lina jina la kiume linaloanza kwa J na jina la kike linaloanza kwa N. Kwa desturi Jakamarra humwoa Napaljarri, na watoto wao huitwa Jupurrurla wakiwa wavulana na Napurrurla wakiwa wasichana. Jupurrurla akimwoa Napanangka, watoto wao huwa Jakamarra na Nakamarra. Kwa hiyo, upande wa baba, mjukuu hulirudia kundi la babu yake baada ya vizazi viwili. Upande wa mama, mzunguko hukamilika baada ya vizazi vinne.

Mfumo huu ndio unaomwambia mtoto nani ni kaka, nani ni shemeji, nani amwite mama ingawa si mama mzazi, na nani asimsogelee kwa sababu ya heshima. Hata mwalimu mgeni hupewa jina la kundi, kwani bila hilo watoto hawajui wamweke wapi. Darasani mfumo huo ni somo la adabu, na pia ni somo la hesabu, maana watoto huchora mizunguko yake na kutafuta jibu la maswali kama haya: «Mtoto wa binti wa Nangala ni nani?»

3.4 Somo la nchi, na suala la mamlaka

Kiini cha utamaduni wa Wawarlpiri ni neno jukurrpa. Kulifasiri kwa «ndoto», kama walivyofanya Wazungu, hupotosha. Jukurrpa ni matendo ya wahenga waliopita katika nchi na kuacha vilima, mabwawa na miti. Ni sheria walizoziacha. Na ni wimbo, mchoro na ngoma zinazozikumbusha. Si jambo lililopita, bali lingalipo.

Kila jukurrpa ina wenyewe. Wanaoirithi kwa baba huitwa kirda, na wanaohusika nayo kwa upande wa mama huitwa kurdungurlu. Kirda hucheza na kuchora. Kurdungurlu husimamia na kusahihisha. Kutokana na hali hiyo mwalimu anaweza kuijua hadithi vizuri sana na bado asiwe na haki ya kuisimulia. Tena kuna elimu ya wanaume peke yao, elimu ya wanawake peke yao, na elimu isiyotolewa kwa mtoto. Shule inafundisha yale ya wazi tu, na mpaka wa yaliyo wazi huwekwa na wazee. Vile vile jina la mtu aliyefariki haliitwi kwa muda mrefu, na kitabu chenye picha yake huondolewa rafuni mpaka jamaa waruhusu.

Kwa sababu hiyo masomo hayakai ndani ya kuta nne. Wazee huwapeleka watoto katika nchi zao, siku kadhaa kambini, wakichimba yarla na ngarlajiyi, viazi vya porini, na kusoma nyayo za wanyama mchangani. Walimu wa vijiji vinne vya Kiwarlpiri, yaani Yuendumu, Lajamanu, Willowra na Nyirrpi, wamepanga mada zao katika mzunguko wa miaka mitatu, kama vile ngapa (maji), warlalja (jamaa) na watiya (miti), ili kila mtoto azipitie zote.

Mwaka 1984 wazee watano wa Yuendumu, miongoni mwao Paddy Japaljarri Stewart na Paddy Japaljarri Sims, walichora jukurrpa za nchi yao juu ya milango 30 ya shule ile. Walitaka kila mtoto anayeingia darasani apite kwanza katika nchi yake. Milango hiyo ilifunguliwa na kufungwa na watoto kwa miaka zaidi ya kumi. Wengine waliikwaruza na kuiandika majina yao. Mwaka 1995 ilichukuliwa na jumba la makumbusho la Australia Kusini, mjini Adelaide.

4. Saa nne za Kiingereza

Mwezi Desemba 1998 serikali ya Jimbo la Kaskazini ilitangaza kwamba mpango wa lugha mbili utaondolewa hatua kwa hatua. Malalamiko yalikuwa makubwa, na katika baadhi ya shule kazi iliendelea kwa jina jingine, mpaka serikali iliporudisha neno «lugha mbili» mwaka 2005. Halafu mwezi Mei 2008 ukafanyika kwa mara ya kwanza mtihani wa kitaifa wa kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiingereza pekee. Shule za vijiji vya mbali zilipata alama za chini. Mwezi Oktoba mwaka huo huo waziri wa elimu wa jimbo aliamuru kwamba saa nne za kwanza za kila siku ya masomo zifundishwe kwa Kiingereza.

Ni haki kuzieleza hoja za serikali. Mtoto asiyejua Kiingereza atazuiwa hospitalini, mahakamani na kazini. Wazazi wenyewe walilijua hilo. Hakuna mzazi aliyetaka mwanawe akose Kiingereza. Ugomvi ulikuwa juu ya njia, si juu ya mwisho wa safari. Mtihani wa Kiingereza uliwapima watoto ambao lugha hiyo waliikuta shuleni tu, kisha matokeo yakatumiwa kama ushahidi dhidi ya lugha waliyoijua. Na saa nne za kwanza ni karibu siku nzima ya shule. Kilichobaki kwa Kiwarlpiri ni mchana, wakati wa joto kali la jangwani, watoto wakiwa wamechoka au wamekwisha kwenda nyumbani. Lugha haikupigwa marufuku. Ilipewa tu saa ambayo haifundishiki.

Miaka michache baadaye amri hiyo ililegezwa, na Yuendumu ni miongoni mwa shule zilizoushikilia mpango wao. Lakini lililosaidia zaidi halikutoka serikalini. Tangu mwaka 2005 Wawarlpiri wametenga sehemu ya mrabaha wanaolipwa kwa dhahabu inayochimbwa katika nchi yao, wakaunda mfuko wa elimu. Mfuko huo hugharimia vitabu, mikutano ya walimu na safari za watoto na wazee porini. Kwa maneno mengine, watu hao wanalipa kwa mali yao wenyewe ili watoto wao wafundishwe lugha yao katika shule ya serikali.

5. Lugha iliyorudi: Kikaurna

Hali ya Kikaurna ni kinyume. Yuendumu mtoto huja shuleni na lugha. Adelaide huipata shuleni na kuipeleka nyumbani. Mwaka 1990 wazee wa Kikaurna, wakisaidiana na mwanaisimu Rob Amery na wengine, walianza kutunga nyimbo kwa kutumia maandishi ya Teichelmann na Schürmann. Mwaka 1992 lugha hiyo ilianza kufundishwa katika shule ya Kaurna Plains, kaskazini mwa Adelaide. Hapo ndipo maandishi ya wamisionari, pamoja na ile kamusi ya Cape Town, yalipogeuka kuwa chombo cha kazi.

Somo la kwanza la mtoto huwa ni salamu. Mtu mmoja husalimiwa Niina marni?, yaani «U mzima?», watu wawili, Niwa marni?; wengi, Naa marni? Hivyo katika dakika za mwanzo tu mtoto amekwisha kugundua kwamba Kikaurna, tofauti na Kiingereza, kina umoja, uwili na wingi. Maneno ya mambo mapya hutungwa kutokana na ya zamani. Kompyuta inaitwa mukarntu, kwa kuunganisha neno la ubongo na neno la radi ya umeme. Simu inaitwa warraityati, kitu cha kupeleka sauti. Kazi hiyo haiko mbali na ile iliyowapa Waswahili ngamizi na tarakilishi.

Wapo wanaouliza kama lugha iliyotolewa vitabuni ni ile ile ya wahenga. Wakaurna hawadai kwamba ni ile ile kwa kila kitu. Sauti nyingine zilikisiwa kwa kulinganisha na lugha za jirani. Wanachodai ni haki ya kuamua. Tangu mwaka 2002 kamati yao, Kaurna Warra Pintyanthi, ndiyo inayojadili maneno mapya, majina ya mahali na maombi ya wanaotaka kuitumia lugha hiyo. Tofauti na Yuendumu ni kubwa, lakini suala la mamlaka ni lile lile.

6. Hitimisho

Mtaala wa taifa wa Australia uliotolewa mwaka 2015 umezitambua hali hizi, kwa kuweka njia tatu: moja kwa mtoto anayeisema lugha nyumbani, moja kwa lugha inayofufuliwa, na moja kwa mtoto anayejifunza lugha ya wenzake. Mwaka 2022 ilifunguliwa mjini Coffs Harbour shule ya msingi ya lugha mbili, Kigumbaynggirr na Kiingereza, ya kwanza ya aina hiyo katika jimbo la New South Wales. Kwa hiyo mlango haujafungwa.

Mifano miwili iliyoelezwa inaonyesha masharti matatu. Kwanza, wenye lugha ndio waamue kinachofundishwa, na nani akifundishe. Pili, lugha ipewe saa za kati ya ratiba, si mabaki yake. Tatu, wapatikane walimu vijana waliosomea kazi hiyo, kwa maana wazee walioanza na mpango wa 1974 wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka huacha pengo ambalo kitabu hakiwezi kuliziba chote. Sharti hili la tatu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalotimizwa kwa uchache zaidi.

Jibu la swali la mwanzo, basi, ni kwamba shule ya msingi haitoshi peke yake kuilinda lugha, ingawa inaweza peke yake kuiua. Piltawodli ilifungwa kwa amri moja, na kazi ya kurudisha kilichopotea ilianza baada ya miaka 145. Milango ya Yuendumu sasa imehifadhiwa Adelaide, katika nchi ya Wakaurna, mahali salama na pakavu, ambapo haitakwaruzwa tena na mtoto yeyote. Wazee walioichora hawakuitengeneza kwa ajili ya makumbusho. Waliitengeneza ipitiwe na watoto. Lugha nayo ni hivyo hivyo.